Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya nyumba za umma na utamaduni Zanzibar: tunaomba mkataba

Waheshimiwa viongozi,

Assalaam alaykum.

Naandika kwa niaba ya wanachama wa nyumba moja ya sanaa na muziki iliyopo Mji Mkongwe, ambayo kwa makusudi sitaitaja jina wala mtaa wake, kwa sababu ninayoyaeleza hayaihusu nyumba yetu peke yake, na kwa sababu sipendi barua hii isomwe kama mashitaka dhidi ya ofisi fulani au mtumishi fulani. Mimi ni katibu wa nyumba hiyo. Ukatibu huu hauna mshahara, kama usivyo na mshahara uenyekiti, ushika fedha, ualimu wa fidla, usimamizi wa darasa la uchoraji, wala kazi ya yule mzee anayeshika ufunguo wa mlango mkubwa na kuufungua kila siku baada ya sala ya Alasiri. Sote tunajitolea. Ombi letu kwenu ni moja: tupewe mkataba wa maandishi wa kuitumia nyumba hii ya serikali kwa muda usiopungua miaka kumi, badala ya barua za kuongezewa muda ambazo aghalabu hutufikia zikiwa zimebakisha miezi michache tu kumalizika.

Hatuombi fedha. Nalisema hili mapema kwa sababu kila kikundi cha sanaa kinapobisha hodi ofisini, anayekipokea huwa ameshatayarisha jibu kwamba bajeti ya mwaka imekwisha, na mazungumzo huishia hapo kabla hayajaanza.

Ni vyema nieleze kwanza kinachofanyika ndani ya nyumba hii, maana nina shaka kuwa baadhi ya wanaoamua hatima yake wameiona kwa nje tu, kwenye ramani au kwenye orodha ya majengo. Alasiri huja watoto, wengine wa Mji Mkongwe na wengi zaidi wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, wakitoka skuli na chuo cha Kurani. Wadogo huanzia kwenye kidumbaki, yaani ngoma mbili ndogo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha na sanduku la uzi mmoja, kwa kuwa ndiyo njia waliyopita wanamuziki wengi wa taarabu wa visiwa hivi kabla hawajashika ala kubwa. Mtoto akishajua kulisikiliza sanduku na kuingia pale anapotakiwa kuingia, ndipo hupewa fidla au udi. Ghorofani huwa pana darasa la uchoraji, ambalo halina vifaa vya kujivunia: mkaa, rangi za maji, na maboksi ya friji yaliyokatwa vipande vipande. Sina ugomvi na tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 na ambao leo umejaa kwenye maduka ya Gizenga, lakini naona si haki mtoto wa Unguja akue akichora simba na twiga asiowahi kuwaona, eti kwa kuwa ndivyo wanavyonunua wageni, huku hajawahi kuchora ngalawa wala mlango wa nyumba ya bibi yake. Katika darasa letu huchora hivyo kwanza.

Watoto wa kike huondoka kabla ya Magharibi, na daima huwepo mama mmoja, pengine wawili, wanaokaa ukumbini na mikeka yao ya kusuka mpaka mtoto wa mwisho atoke. Mpango huo haukutoka kwenye waraka wowote. Wazazi waliutaka, akina mama wakaubeba, na bila wao nusu ya darasa la fidla lisingekuwepo.

Baada ya Isha huja watu wazima: muuguzi, dereva wa daladala, fundi cherehani, walimu wa skuli, wachuuzi wa Darajani na kijana mmoja anayepokea mizigo bandarini. Kila mmoja hutoa ada ya mwezi, ndogo ya kuweza kutolewa na mchuuzi, na ada hiyo ndiyo inayolipa umeme na kununua nyuzi. Nyuzi nazo si jambo dogo. Kanuni yetu, ile ala ya nyuzi inayopigwa ikiwa imelazwa mapajani, ina nyuzi 78, zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti, na daraja linalozibeba limekaa juu ya ngozi. Unyevu wa masika ukiingia, ngozi hulegea na sauti zote hushuka kwa pamoja. Mzee anayeipiga hufika mapema, huiweka mapajani, hushika ufunguo wa kukazia na kuanza kuupatanisha uzi mmoja baada ya mwingine, na vijana wawili hukaa ubavuni mwake, mmoja akimulika kwa simu pindi umeme unapokatika. Huwauliza: uzi upi katika mitatu ndio unaosema uongo? Wakikosea huulegeza na kuanza upya. Hakuna stashahada inayotolewa kwa kazi hiyo wala malipo yanayotolewa kwa mzee huyo, lakini mwisho wa msimu vijana wawili huwa wanajua kitu ambacho katika kisiwa kizima kinajuliwa na watu wachache mno.

Utaratibu huu wa wanachama kuchangishana na kufundishana si mgeni hapa, na sisi hatujidai kuuanzisha. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuuleta muziki wa taarabu kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim kujifunza kanuni huko, na ulipokuwa ndani ya kasri uligharamiwa na kasri. Ulipotoka nje ulibebwa na watu. Nadi, yaani klabu ya muziki, ya Ikhwani Safaa imesimama tangu 1905 kwa nguvu za wanachama wake, kupitia tawala zilizobadilika, vita vikuu viwili na Mapinduzi. Culture Musical Club imefuata tangu 1958. Na baina yao zimekuwepo nadi nyingi, zikiwemo za wanawake, zilizoishi na kufa bila hata kibao cha kuzikumbuka. Kundi la mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi santuri kwa Kiswahili, lilikusanyika nyumbani kwake Ng'ambo. Nayataja haya si kwa kujifananisha na wakubwa hao, bali kuonesha kuwa kila palipochipuka muziki wa watu palikuwa na nyumba ambayo waliokusanyika ndani yake walikuwa na hakika ya kurudi kesho yake.

Hakika hiyo ndiyo tunayoikosa, na naomba mniwie radhi nikikaa hapa kwa muda, kwa kuwa ndipo penye kiini cha barua.

Nyumba yetu, kama nyingi za Mji Mkongwe, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, havizidi mita tatu hivi kwa upana, na wapigaji hulazimika kukaa kwa safu mbili ndefu wakitazamana. Nyumba za namna hii hazitaki fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Zinataka uangalizi usiokatika. Paa likivuja masika moja bila kuzibwa, maji hufika kwenye ncha za boriti zilizofukiwa ukutani, boriti huoza mahali ambapo jicho halifiki, na dari huanza kupinda. Ukuta ukipigwa saruji badala ya chokaa ili kazi iishe haraka, unyevu hufungiwa ndani na plasta hubanduka vipande vipande. Kupiga chokaa kunataka kuiloweka, kuiacha, kuipaka kwa tabaka na kungoja kila tabaka likauke, na kazi hiyo tunaweza kuifanya wenyewe kwa sababu miongoni mwetu wamo mafundi wawili waliojifunza kwa baba zao. Ukuta wa upande wa uani tumeshaufanya hivyo.

Kuta nyingine hatujazigusa, na sababu yake ni moja. Barua ya kuongezewa muda inapobakisha miezi mitatu, hakuna mwanachama anayethubutu kutoa akiba yake, na hakuna mwenyekiti mwenye ujasiri wa kumwomba, kwa ajili ya paa ambalo huenda akalala chini yake mgeni wa hoteli kabla ya masika yajayo. Kazi huahirishwa. Kisha hufika mkaguzi, akaandika kwa haki kabisa kuwa jengo halitunzwi vizuri, na maandishi hayo yakawa hoja ya kutuongezea muda mfupi zaidi, au ya kumpa nyumba mwenye uwezo wa kuitengeneza. Tumeshazunguka mzunguko huu zaidi ya mara moja, na kila mara naona kila aliyehusika alitimiza wajibu wake kama ulivyoandikwa, na matokeo yakawa ni nyumba ile ile kuzidi kuchoka. Tangu sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba la kasri la zamani la Forodhani, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, tena jumba likiwa katika kufanyiwa ukarabati, na watu wawili kupoteza maisha, hakuna anayeweza kusema kuwa nyumba za zamani zina subira ya kungoja tumalize kuandikiana barua.

Ukosefu wa mkataba unatufungia pia milango mingine. Taasisi na balozi zinazotoa misaada midogo ya vifaa au ya ukarabati huuliza kwanza hati inayoonesha kuwa tutakuwepo mahali hapo miaka kadhaa ijayo, na hapo mazungumzo hukoma. Tumeshauriwa tukope. Nawashukuru waliotoa ushauri huo kwa nia njema, lakini mkopo hulipwa kutokana na faida, na nyumba inayofundisha watoto bure haina faida ya kumlipa mkopeshaji.

Kilicho kikubwa kuliko paa na misaada ni watu wenyewe. Anayejitolea hatoi kitu kingine ila saa zake, saa ambazo angeweza kuzilala, au kuzitumia kwa kibarua cha pili katika mji ambao maisha yamepanda, na huzitoa kwa kuamini kuwa zinajenga kitu kitakachobaki. Kila inapovuma habari kwamba ameonekana mwekezaji na watu wake wakipima vyumba, na habari kama hizo huvuma kila msimu wa wageni, mahudhurio ya walimu hupungua kabla ya yale ya wanafunzi. Hakuna anayegombana na mtu. Wanaacha tu kuja, mmoja kwa udhuru wa kazi, mwingine kwa udhuru wa safari ya shamba. Wahenga wetu wa Unguja na Pemba waliielewa hali hii katika mambo ya ardhi, na mila ikaruhusu mti uwe na mwenyewe na ardhi iwe na mwenyewe, ili aliyepanda mkarafuu au mnazi katika ardhi isiyokuwa yake asipoteze jasho lake siku atakayoambiwa ahame. Sisi hatudai ardhi wala nyumba. Ni mali ya umma na ibaki kuwa mali ya umma. Tunaomba itambuliwe tu kwamba ndani yake kuna kilichopandwa, na waliopanda wanajulikana.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi ya ombi hili, kwani nyingine nimeshazisikia nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi.

Ya kwanza ni kwamba nyumba ya serikali katika eneo kama hili lazima iingize mapato. Ni hoja nzito na siidharau. Serikali ina hospitali za kuhudumia na skuli za kujenga. Hata hivyo Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco mwaka 2000 kwa sababu ya maisha yaliyochanganya pwani, Bara Arabu, Bara Hindi na Ulaya, na mgeni anayelala katika hoteli mia moja zilizoizunguka nyumba yetu anakuja kwa ajili ya hayo. Tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika tangu 2004, na vijana waliopita katika nyumba kama yetu wamepanda katika jukwaa lake. Kodi ya nyumba moja ikilinganishwa na gharama ya kuwapata wapigaji hao kwa njia nyingine, sidhani kama hazina inapata hasara. Nimeona pia kuwa ofisi zinapokuwa na mgeni wa heshima wa kupokewa kwa taarabu, barua ya kutuomba tufike hutufikia haraka, tena huletwa kwa mkono.

Ya pili ni kwamba ingekuwa bora nyumba ziwekwe chini ya kituo kimoja cha serikali chenye watumishi wa kulipwa, ili pawe na nidhamu na uwajibikaji. Kwa hili nina shaka kubwa. Mtumishi wa umma hufunga ofisi saa tisa na nusu, kama sheria inavyomtaka, na sisi ndipo tunapoanza. Zaidi ya hayo, mtu anayefundisha kwa hiari yake akishawekwa chini ya msimamizi anayelipwa, haimchukui muda kuuliza kwa nini yeye halipwi, na swali hilo lina haki ya kuulizwa. Kujitolea kuna udhaifu wake, nakiri: watu huchoka, huoa, huhamia Dar es Salaam au Maskati, na mara nyingine darasa hukosa mwalimu kwa wiki nzima. Lakini dawa ya udhaifu huo ni kuwapa waliobaki uhakika wa mahali, na si kuwaondolea usemi katika nyumba waliyoitunza. Hata Mkataba wa Unesco wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, ambao nchi yetu imeuridhia, unazitaka nchi zijitahidi kuzishirikisha jamii na vikundi vinavyoubeba urithi huo katika uendeshaji wake.

Ya tatu ni kelele, na hapa majirani wana haki kuliko sisi. Hatupigi ala wakati wa adhana wala wakati wa sala katika mskiti ulio karibu. Saa nne na nusu usiku mlango hufungwa. Na mwezi mtukufu wa Ramadhani ala zote huwekwa kabatini, mchana na usiku, tukabaki na uchoraji na matengenezo hadi yatakapoanza mazoezi ya Sikukuu. Yaandikeni masharti hayo katika mkataba, na mengine mtakayoona yafaa, tutayatia saini. Tunachoomba katika jambo hili ni kwamba mazoezi yasihesabiwe kuwa onyesho. Kikundi kinachofanya mazoezi bila kiingilio na bila watazamaji kutakiwa kibali kama ukumbi wa starehe kunawafanya watu wazima wenye heshima zao wajifiche wanapojifunza bashrafu, muziki wa ala tupu unaofungulia taarabu, jambo ambalo ningelicheka kama lisingekuwa linatupata.

Kwa upande wetu tuko tayari kufungwa na mkataba pia. Tutawasilisha kila mwaka hesabu zetu, zilezile zinazosomwa kwa sauti mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Hatutampangisha mtu mwingine chumba hata kimoja, wala kugeuza ukumbi kuwa duka. Paa, kuta na boriti zitakaguliwa kila mwaka kabla ya masika na mtaalamu mtakayemteua, na tutatengeneza kwa chokaa kile atakachoagiza, kwa mpangilio tutakaokubaliana. Skuli za serikali zitatengewa siku za kuleta wanafunzi wao bila malipo. Tukishindwa kuyatimiza haya kwa miaka miwili mfululizo, nyumba irudi mikononi mwenu bila kesi.

Rasimu ya mkataba tumeshaiandaa kwa msaada wa wakili ambaye naye amejitolea, na iko tayari kurekebishwa na wanasheria wenu. Tunaomba kikao kimoja cha kuipitia, katika ofisi yoyote na siku yoyote mtakayoipanga, ila ikiwezekana kisiwe asubuhi mno, kwa sababu mwenyekiti wetu huendesha daladala na zamu yake humalizika saa nne. Barua tuliyonayo sasa inamalizika kabla ya masika. Chokaa inahitaji wiki kadhaa za jua ili ikauke, kwa hiyo jibu likitufikia kiangazi kikiwa hakijaisha, mafundi wetu wawili wataanza na ukuta wa upande wa barabara, ambao ndio ulio katika hali mbaya zaidi, kisha paa la chumba cha kanuni.

Wabillahi tawfiiq.

Katibu wa kujitolea,
kwa niaba ya wanachama